Usimpelekee kamanda ramani moja

Mkuu, simama kwanza. Unataka kompyuta kubwa ushushe gridi ya WRF, ile modeli ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa, yaani umbali kati ya nukta zake za hesabu, kutoka kilomita 3 hadi 1.5, halafu umpe kamanda ramani moja ya mvua za radi kwenye njia ya helikopta. Usifanye hivyo. Kikosi nilichotumikia kilienda na ramani ya namna hiyo, safi, kila wingu mahali pake. Mvua ikawahi, ikakaa juu ya njia yenyewe, na marubani wakalazimika kutua porini kuisubiri ipite. Walirudi wazima, lakini hadi leo nikikumbuka natetemeka.

Mkufunzi wetu alikuwa akihubiri kwamba gridi ikiwa ndogo hakuna tena kubahatisha. Hilo ni kosa la kuua watu! Modeli inahitaji nukta kama sita au saba za gridi ili kulichora umbo sawasawa. Kwa gridi ya kilomita 3 hiyo ni karibu kilomita 20, na wingu moja la radi mara nyingi ni dogo kuliko hapo. Itakuambia alasiri ina hatari ya radi kali. Wingu lipi litapita bonde lipi saa tisa na nusu, usiiulize. Mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alishaonyesha mwaka 1963 kwamba tofauti ndogo ya mwanzo hukua hadi kuvuruga utabiri mzima, na mvua za radi huvurugika ndani ya saa chache tu.

Kuigawa gridi nusu kunaidai kompyuta kazi kama mara nane. Nguvu hiyo hiyo ingekupa tabiri nane za kilomita 3, kila moja ikianza na hali tofauti kidogo. ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, wanatoa tabiri nyingi za namna hiyo kwa pamoja, yaani utabiri wa kundi, tangu 1992, na wao kompyuta haziwasumbui.

Kabla ya yote, muulize rubani kikomo chake: upepo kiasi gani, mwonekano kiasi gani. Kisha hesabu tabiri ngapi zinakivuka, na saa ngapi. Kamanda aambiwe "tano kati ya nane", na rubani asikie pia. Aprili 1980 kule Iran, kati ya helikopta 8 za Marekani zilizokwenda kuokoa mateka, 7 ziliingia kwenye vumbi ambalo marubani hawakulitarajia, moja ikageuza. Nyingine mbili ziliharibika; zilipobaki 5 nzima, na zilizohitajika ni 6, operesheni ikavunjwa.

Tabiri zote nane zikikubaliana, bado fungua rada na picha za setilaiti kabla injini hazijawashwa, maana zote zinaweza kuwa na kosa moja.