Barafu isiyoyeyuka haikupozei samaki

SUALI: Mimi ni mchuuzi, samaki nawanunua dikoni Mkokotoni asubuhi, nawauza mjini. Barafu naitia ndani ya mfuko wa plastiki, naufunga na kuuweka pembeni mwa deli ili isiyeyuke haraka. Inabaki, lakini samaki wanafika wamelainika. Mwenzangu ananambia nitie chumvi. Nifanyeje?

JIBU: Barafu yako imebaki kwa sababu haijafanya kazi. Kupoza kwake ndiko huko kuyeyuka. Kilo moja ya barafu ya nyuzi 0 ikigeuka maji ya nyuzi 0 hunyonya kilojuli 334, na kipimajoto hakisogei: joto lote limekwenda kuivunja barafu. Kilo hiyohiyo ya maji ikipanda kutoka nyuzi 0 hadi 5 hunyonya kilojuli 21 tu.

Fungua mfuko basi. Ponda barafu iwe ndogo kama kokoto, tandika chini, panga samaki, kisha mimina nyengine katikati na juu yao; waliotolewa matumbo watie hadi ndani. Kupoza kilo 10 za samaki kutoka nyuzi 30 hadi 0 kunataka barafu kilo 3 na ushei. Hiyo ni hesabu ya samaki peke yao. Jua na kuta za deli nazo zinakula barafu, kwa hivyo tia kilo kwa kilo. Blanketi lifunike deli kwa nje: iyeyushwe na samaki, isiyeyushwe na jua. Maji yatokee tundu la chini, samaki wasilale ndani ya damu.

Chumvi acha. Huishusha barafu chini ya nyuzi 0, na nyama ya samaki huanza kuganda karibu na nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri. Chembe za barafu huchana nyama. Akishayeyuka anavuja maji na kulegea zaidi. Na barafu yenyewe itakwisha upesi.

SUALI: Kwa nini mtungi wetu haupozi maji wakati wa masika?

JIBU: Mtungi hupoza kwa maji yanayopenya udongo na kukauka nje. Gramu 100 zikigeuka mvuke huchukua kiasi cha kilojuli 240, zinazotosha kushusha lita 10 za maji kwa nyuzi 5 hivi. Masika hewa imeshajaa unyevu, maji hayakauki. Uweke kivulini penye upepo, usugue ukoga wa nje, na usiupake rangi kabisa. Rangi huziba vitundu.