Maswali ya Wasomaji: Hiyo Imeili Imetoka kwa Nani Hasa?

Shikamoo kaka. Niko Gungu hapa Kigoma, nimemaliza chuo nipo tu nyumbani natafuta kazi, na unajua huku ukiacha mambo ya ziwani vijana wengi macho yetu yapo kwenye mashirika ya kambi za wakimbizi kama Nyarugusu. Juzi imeingia imeili, juu limeandikwa jina la shirika kubwa la wakimbizi, logo ipo, wanasema nimechaguliwa ila nitume 80,000 ya vipimo vya afya kwenye namba ya simu kabla ya Ijumaa. Nimecheki adresi, jina la shirika limo, afu kuna kistari na neno kazi, afu dot com. Rafiki yangu anasema kama jina limo ndani basi ni wao. Nilipe? – Binti wa Gungu

Marahaba mdogo wangu. Usilipe, hata mia.

Hela kwanza tuimalize. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi mwombaji kazi chochote katika hatua yoyote, iwe fomu, usaili, mafunzo wala vipimo, na wameandika wazi kwenye kurasa zao za ajira. Kwa hiyo hata kama adresi ingekuwa safi kama maji ya Ziwa Tanganyika, hiyo 80,000 peke yake ingetosha kukustua.

Sasa tuje kwa rafiki yako maana alichokwambia ndicho wengi wanachoamini na ndipo watu wanapoingizwa mjini. Jina linalotokea juu ya imeili ni maandishi tu, mtu anajaza anachotaka, mimi leo naweza kufungua akaunti nikajiita Ikulu na simu yako ikakuonyesha Ikulu. Cha kuangalia ni adresi yenyewe, na kwenye adresi usisome kama unavyosoma gazeti. Nenda kwenye ile alama ya @, chukua kilicho kulia kwake, afu anza kusoma kutoka mwisho ukirudi nyuma. Mwisho kuna com au org au go.tz, na kile kipande kinachopakana nacho, kabla ya nukta, ndo mwenye mji. Vingine vyote vya kushoto ni mapambo, mwenye mji anajiwekea anavyopenda.

Mfano UNHCR, lile shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wao ni unhcr.org. Ukiona unhcr-kazi.com, mwenye mji hapo anaitwa unhcr-kazi, kistari hakitenganishi kitu, ni jina moja refu ambalo mtu yeyote mwenye kadi ya benki anaweza kulinunua leo jioni na hakuna anayemuuliza yeye ni nani. Kuna na mtego mbaya zaidi, wanaandika ajira.go.tz.maombi-haraka.com, jicho linaona ajira.go.tz linaridhika linaacha kusoma, kumbe mwenye mji ni maombi-haraka na hiyo go.tz mbele yake ni pambo. Go.tz ya kweli wanapewa taasisi za serikali tu na lazima iwe ndo mwisho kabisa, baada yake hakuna kitu. Ila usije ukaichanganya na co.tz, hiyo ni ya biashara, hata wewe ukifungua genge lako unanunua, kwa hiyo tz pekee isikupe usingizi. Na ile ya gmail.com kwa mtu anayejiita afisa ajira wa shirika kubwa hata sina haja ya kuieleza.

Kitu kingine, kwenye simu adresi huwa inafichwa, unaona jina tu. Kama unatumia Gmail fungua hiyo imeili, chini ya jina la mtumaji kuna maandishi madogo yanayosema imekuja kwako na kamshale pembeni, gusa hapo, adresi nzima inafunguka. Nina hakika wengi wenye simu hawajawahi kukagusa hako kamshale tangu wanunue simu.

Hiyo namba ya simu waliyokupa itume kwa meseji kwenda 15040, ndo namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli, wao watajua la kuifanya.

Habari yako kijana. Nina mitumbwi pale Kibirizi, mashine na vipuri nachukua kwa tajiri mmoja Dar na mambo yetu mengi tunaandikiana kwa imeili. Mwezi huu kaniletea ankara ikiwa na maongezi yetu yote ya nyuma chini yake, ila akaunti ya benki imebadilika, anasema ile ya zamani ina ukaguzi. Mwanangu kasoma adresi kasema ni ile ile. Mimi moyo unakataa. – Mzee wa Kibirizi

Shikamoo mzee wangu. Moyo wako una akili kuliko macho ya kijana, msikilize.

Tuseme duka la tajiri wako adresi yake inaishia mashine.co.tz. Sasa muite kijana asome hii: rnashine.co.tz. Kwenye kioo kidogo cha simu ataapa ni ile ile, kumbe hapo mwanzo hakuna m, kuna r na n zimebanana. Ndo michezo yao hiyo, na wanayo mingi: sifuri badala ya o, namba 1 badala ya l, na I kubwa ambayo kwenye simu nyingi haina tofauti na l ndogo. Wengine wanachomeka herufi ya Kirusi iliyochorwa kama a yetu na hiyo kwa macho huigundui ng'o. Afanye hivi, asitoe herufi kichwani, akopi adresi ya imeili mpya aibandike mahali pa kuandikia, chini yake aibandike ya imeili ya mwaka jana ambayo mlifanyia biashara ikaenda sawa, zote azigeuze herufi kubwa. RN na M zikiwa kubwa hazifanani kabisa. Hiyo a ya Kirusi itabaki inafanana hata ikiwa kubwa, ndo maana ukitaka kumjibu andika adresi upya kwa mkono usibonyeze jibu.

Na hilo la maongezi ya nyuma kuwepo lisikutulize, mzee. Linaweza kuonyesha kuna mtu kaingia kwenye imeili ya mmoja wenu, yako au ya tajiri, akakaa kimya anasoma mpaka ankara ilipofika. Inawezekana kabisa adresi ikawa sahihi herufi kwa herufi na bado mwizi ndo kaandika akiwa ndani ya akaunti ya tajiri mwenyewe, hapo kukagua adresi hakukusaidii kitu. Kwa hiyo akaunti ya benki ikibadilika unapiga simu, kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, siyo iliyoandikwa kwenye hiyo imeili, na usikie sauti unayoijua. Kama hela imeshatoka wahi benki yako saa hiyo hiyo waombe waizuie, afu polisi, na hiyo imeili usiifute, ndo ushahidi wenyewe, sheria ya makosa ya mtandao tunayo tangu 2015.

Nipo Kasulu, ni mwalimu. Nimepata imeili kutoka kwa adresi yangu mimi mwenyewe!! Anasema kaniingilia simu ana video zangu, anataka bitcoin ndani ya saa 48. Nimekagua herufi moja moja, ni yangu. – Mwalimu mwenye wasiwasi

Pole mwalimu, hana video. Njia ya kusafirisha imeili iliandikwa 1982 na haikuwekewa kitu cha kuhakiki mtumaji, ni kama bahasha ya posta, nyuma ya bahasha unaandika jina la mtumaji unalotaka na karani anaipokea. Kinga zimekuja baadaye sana ndo maana nyingi za hivi siku hizi zinaishia spamu, ila moja moja inapenya.

Ukiwa kwenye kompyuta na Gmail, bonyeza vidoti vitatu kwenye hiyo imeili uchague Show original, utaona mistari ya SPF, DKIM na DMARC, ndo vipimo vya kuhakiki mtumaji, kwa yako nategemea utakuta FAIL, yaani imefeli. Ukikuta PASS kwenye imeili ya mtu mwingine usishangilie haraka, inamaanisha tu imetoka kweli kwenye hiyo domeni, yaani kile kilicho kulia kwa @, na tapeli mwenye domeni yake anapata PASS vizuri tu.

Cheki na zilizotumwa, kama hiyo meseji haimo basi kuna uwezekano mkubwa hajaingia ndani. Kama kataja paswedi yako ya kweli, hiyo ilivuja kwenye tovuti fulani uliyojiunga zamani, ibadilishe kila ulipoitumia na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Bitcoin usitume, na usimjibu hata kwa kumtukana, jibu likimfikia anajua kuna mtu anasoma.