Kuondolewa adhabu si kuungwa mkono

Mdogo wangu, umesema baba yako mdogo anakutumia hotuba za Askofu Richard Williamson, akidai Papa Benedikto XVI alimkubali mwaka 2009. Hapo usikubali hata kidogo. Kilichoondolewa ni adhabu ya kutengwa na Kanisa, aliyoipata mwaka 1988 kwa kupewa uaskofu na Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, Mfaransa aliyepinga mageuzi ya Kanisa, kule Écône, Uswisi, bila idhini ya Papa. Basi. Ruhusa ya kuhudumu hakupewa.

Siku zile zile televisheni ya Sweden ikarusha mahojiano: Williamson ametulia kabisa, anasema vyumba vya gesi vya kuulia Wayahudi havikuwepo na Wayahudi waliokufa katika kambi za Wanazi ni laki mbili au tatu. Waliouawa ni takriban milioni 6! Vatikani ilimtaka aikane kauli hiyo hadharani. Aliomba radhi, kauli hakuikana. Mwaka 2012 hata shirika lake la Mtakatifu Pius X, lililoanzishwa na Lefebvre na linaloshikilia Misa ya zamani ya Kilatini, lilimfukuza.

Baba mdogo akipenda Misa ya Kilatini usimbeze, hilo ni jambo jingine. Ila mwambie kwa adabu, mkiwa wawili, asizitume hotuba hizo kwenye kundi la familia. Watoto wanazisikiliza.