Kabla Hujazihamishia YouTube Video Zako za TikTok na Instagram

Wengi wanaoanza kazi ya maudhui hufika mahali pamoja: akaunti ya TikTok au Instagram imejaa video fupi, watazamaji wapo, halafu mtu anawaambia, "Si uzipakie hizohizo YouTube?" Ushauri huo ni kweli nusu. Kazi uliyokwisha kuifanya inaweza kukuletea faida mara ya pili, lakini faili lililoko kwenye akaunti yako ndilo lenye thamani ndogo kuliko vyote ulivyo navyo. Thamani iko kwenye picha ghafi, kwenye sauti yako, na kwenye jambo lenyewe unaloeleza. Nahariri video za namna hii, zangu na za wateja, na matatizo mengi ninayoletewa na wanaoanza yana chanzo kimoja: wamehamisha faili, kazi wameiacha kulekule.

Kwa hiyo anza kwa kutafuta faili za awali. Usipakue video yako TikTok ukaipeleka kwingine. Ukiipakua kwa kitufe cha kule inatoka na nembo inayorukaruka kona hadi kona, na jina la akaunti chini yake. Februari 2021 Instagram ilisema wazi kwamba Reels, yaani video zake fupi, zinazoonekana zimetoka programu nyingine, zenye nembo zao, hazitapendekezwa sana kwa watazamaji. Tangu hapo mchezo wa kubeba video na nembo yake umekuwa wa hasara. Ziko programu zinazoahidi kuifuta nembo hiyo, achana nazo. Nyingine huikata picha pembeni, nyingine huweka ukungu palipokuwa na nembo, na hata inayokupa video isiyo na nembo inakupa nakala iliyokwisha kubanwa, yaani kupunguzwa ukubwa wa faili. Video ikibanwa upya inapoteza kitu kila mara. Kingo za maandishi zinaanza chengachenga, nywele zinakosa umbo, ukuta wa rangi moja unatokea mistari. Na YouTube nayo itaibana tena utakapoipakia.

Kwa sababu hiyohiyo, usijitumie video ghafi kwa WhatsApp kama video ya kawaida, kutoka simu kwenda kompyuta. Utaona imefika haraka ukafurahi, kumbe imefika imepungua. Tumia kebo, au hifadhi ya mtandaoni, au kama WhatsApp ndiyo pekee uliyo nayo, itume kama hati.

Ikiwa faili za awali zimeshafutwa, kubali. Kwa video iliyokuwa na jambo zuri, irekodi upya. Mara ya pili utaieleza vizuri zaidi. Kwa kazi mpya, jizoeze kutoa nakala mbili kila unapomaliza kuhariri. Moja ni ya kupakia leo, yenye maandishi, muziki na mbwembwe zake zote. Ya pili ni safi: picha na sauti yako tu. Kuitoa hiyo ya pili ni kuzima tabaka la maandishi na la muziki kisha kubonyeza kitufe kilekile, lakini miezi sita baadaye ndiyo itakayokuokoa. Ipe jina linaloeleweka, kama "zipu-inayoachia-safi", maana namba ndefu zinazotolewa na simu hazikumbukwi na mtu.

Nimetaja muziki. Hapa ndipo wageni wengi wanapoungua. Wimbo ulioutumia TikTok uliruhusiwa kwa sababu TikTok ina makubaliano yake na wenye nyimbo. Ruhusa hiyo haitoki nje ya TikTok. Ukiibeba video na wimbo wake kwenda YouTube, utakutana na Content ID, mfumo wa kutambua kazi zenye hakimiliki ambao YouTube imekuwa nao tangu 2007. Mfumo huo haujali kwamba uso ni wako na maneno ni yako. Unasikia wimbo, unaweka dai. Mara nyingine dai lina maana ya mapato kwenda kwa mwenye wimbo, mara nyingine video inazuiwa. Shorts, video fupi za YouTube, zina kanuni kali zaidi: Short inayozidi dakika moja ikiwa na dai la Content ID, inazuiwa. Watu hukwama hapa bila kuelewa, kwa sababu video ya sekunde 50 ilipita salama na wimbo uleule, na ya sekunde 75 ikakataa.

Dawa ni ile nakala safi. Panga muziki upya kutoka Maktaba ya Sauti iliyomo ndani ya YouTube Studio, sehemu ya YouTube ya kusimamia chaneli yako, au acha video bila muziki kabisa. Binafsi napendelea kuacha. Video za kufundisha zilizotengenezwa kwa ajili ya TikTok mara nyingi zina wimbo kwa sababu wimbo ulikuwa unavuma wiki ile, na wimbo ukishaondoka hakuna anayeulizia. Ila angalia jambo moja: ukizoea kukata picha kufuata mdundo, mdundo ukiondoka mikato inabaki inaning'inia. Itabidi uipange upya.

Sasa, si kila video inastahili kuhamishwa. Chagua zinazojibu swali ambalo mtu ataliuliza hata mwaka kesho. Video ya kuchekesha iliyotegemea sauti iliyovuma, au ya kujibu maoni ya mtu fulani, au ya changamoto ya wiki ile, iache ilipo. Usichague kwa idadi ya watazamaji peke yake. Video iliyotazamwa kidogo lakini maoni yake yamejaa "je, ikiwa ya plastiki?" na "mbona yangu imekataa?" ina maisha marefu YouTube kuliko ile iliyopata mioyo mingi na vicheko.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Una video ya sekunde 40 inayoonyesha jinsi ya kurekebisha zipu inayoachia, ile ambayo kichwa kinapita vizuri lakini meno yanafunguka nyuma yake. Kwenye TikTok inaanza na maandishi makubwa, "USITUPE HILO BEGI!", unainua begi juu, muziki unapiga, plaizi inatokea, unabana kichwa cha zipu, zipu inafunga, unatabasamu. Kule kubana kwenyewe kunachukua sekunde mbili.

Kwa TikTok hiyo ni kazi nzuri. Aliyekuwa anaperuzi hakukuomba chochote, ilibidi umsimamishe. Anayekuja YouTube kwa njia ya kutafuta ni mtu mwingine. Ameandika "zipu inaachia" na begi liko mapajani. Hana haja ya kuambiwa asilitupe. Anataka kuona plaizi inashika wapi. Kwa hiyo zile sekunde mbili ndizo video yako, na zinapaswa kuwa ishirini: picha ya karibu, mkono hauzibi, unaonyesha kwamba kinachobanwa ni upande wa nyuma wa kichwa, meno yanapotokea yakiwa yameshikana, unabana upande wa kulia kidogo, kisha wa kushoto kidogo, unajaribu, unarudia. Unamwambia asitumie nguvu kwa sababu vichwa vingi ni vya chuma kinachopasuka badala ya kupinda. Kama una picha ghafi za dakika tatu, hayo yote yumkini yamo. Uliyakata ili kupata sekunde 40. Sasa yarudishe, na kile kishindo cha mwanzo kikate.

Ukishapata mkato mpya, usikilize macho yakiwa yamefumbwa. Utashangaa ni maneno mangapi yamefungwa kwenye jukwaa la zamani. "Nifuate hapa TikTok." "Kiungo kiko kwenye wasifu wangu." "Sehemu ya pili iko chini." "Kama nilivyowaambia jana." Kila moja ya hayo inamwambia mtazamaji wa YouTube kwamba amekuja kwenye kiporo. Usijaribu kuyafunika kwa maandishi. Yakate, na pengo ulijaze kwa sauti mpya ya kusimulia. Rekodi sauti hiyo kwa maikrofoni ileile na chumba kilekile ikiwezekana, maana sikio hutambua upesi kuliko jicho.

Maandishi ya kwenye picha nayo yana adabu zake. Shorts, Reels na TikTok zote huweka vitufe upande wa kulia na jina la akaunti pamoja na maelezo chini, ila kila moja hufunika eneo lake kwa kipimo chake. Andiko lililokaa salama TikTok linaweza kufunikwa kwenye Shorts. Weka maneno katikati, juu kidogo ya nusu, na acha nafasi kulia. Maneno yote unayosema usiyachomee kwenye picha. Pakia manukuu kama faili la SRT, yaani faili la maneno yenye muda wa kila sentensi, mtazamaji ayawashe au ayazime apendavyo.

Kichwa cha video ndicho kinachobadilika kuliko vyote. Kapsheni ya TikTok kama "Hii siri hawakwambii 😂" haina kazi YouTube kwa mtu anayetafuta. Andika anachoandika yeye: "Zipu inaachia? Rekebisha kichwa cha zipu kwa plaizi." YouTube inaruhusu herufi 100, lakini kwenye simu huonekana za mwanzo tu, basi neno kuu litangulie.

Kuna kanuni ya umbo na urefu ambayo ni lazima uijue. Tangu tarehe 15 Oktoba 2024, video ya wima au ya mraba isiyozidi dakika tatu ikipakiwa YouTube inahesabiwa kuwa Short. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa sekunde 60. Maana yake, ukitaka somo lako la dakika mbili na nusu likae kama video ya kawaida yenye picha yake ya jalada, umbo la wima halitakubali. Itabidi ulilaze, yaani upana 16 kwa urefu 9 (16:9).

Na kulaza ndiko kunakozaa ule mtindo wa picha ya wima katikati na ukungu wa picha hiyohiyo pande zote mbili. Siupendi. Theluthi mbili ya kioo inabaki haina kazi. Afadhali isogeze picha ya wima upande mmoja, na upande mwingine uandike hatua moja baada ya nyingine, au uweke picha tuli ya karibu ya kile kichwa cha zipu. Bora zaidi, unaporekodi kazi mpya, simama mbali kidogo na uweke kitu chako katikati ili picha iweze kukatwa kwa umbo lolote.

Usiunganishe klipu kumi ukaita video ndefu. Mtazamaji atasalimiwa mara kumi, sauti itapanda na kushuka, na jambo la klipu ya nne litakuwa limeshasemwa kwenye ya kwanza. Ukitaka ndefu, andika mpango mpya wa somo zima la zipu, kisha chukua vipande vinavyofaa kama akiba ya picha, na simulizi iwe moja toka mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Kupata mgawo wa matangazo kwenye YouTube kunahitaji watu 1,000 waliojisajili kwenye chaneli, pamoja na ama saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ama Shorts zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa zinazotazamwa kwenye mlisho wa Shorts haziingii katika zile 4,000, kwa hiyo chaneli ya kuhamishia video fupi pekee inakimbia njia ile ya pili, ambayo ni ndefu. Pia, tangu tarehe 31 Machi 2025 Short huhesabiwa imetazamwa pale tu inapoanza kucheza. Hesabu inayotumika kwenye malipo ni nyingine, ya waliotazama kweli. Usidanganywe na namba kubwa ya juu.

Chaneli ikiombewa malipo huangaliwa pia kama maudhui yake yamechukuliwa tu kutoka kwingine bila kuongezwa kitu. Kazi yako mwenyewe haikatazwi kuwepo mahali pawili, lakini anayekagua hakujui. Chaneli iliyojaa nembo za TikTok zenye jina tofauti na la chaneli inafanana kabisa na ya mkusanyaji wa video za watu. Tumia jina moja kila mahali, uso au sauti yako isikike, na kwenye maelezo ya chaneli taja akaunti zako nyingine.

Ikiwa unafanya kazi hii kwa mteja, pata ruhusa yake kwa maandishi, hata ujumbe mfupi unatosha, unaotaja ni video zipi na zinakwenda jukwaa gani. Usipokee nenosiri lake; YouTube Studio ina sehemu ya kuongeza watu wenye ruhusa, na utatoka siku kazi ikiisha bila maneno. Mahali ambapo video ina mtu mwingine, kama dueti (video yake iliyowekwa kando ya ya mtu mwingine) au klipu ya mwenzake, muulize kama amekubaliana na mtu huyo. Mara nyingi jibu ni hapana, na kipande hicho kinatoka.

Viungo kwenye maelezo na maoni ya Shorts havibonyezeki tangu Agosti 2023. Ukitaka kumpeleka mtazamaji kwenye somo refu, tumia sehemu ya video husika ndani ya YouTube Studio unapohariri Short yako.

Usipakie zote siku moja. Peleka chache, kisha fungua grafu ya utazamaji ya kila moja uone watu wanaondokea wapi. Mstari ukiporomoka sekunde ya tatu kwenye video zote, irudie sekunde hiyo usikilize. Mara nyingi utakuta ni salamu ya TikTok iliyoponyoka mkasi.