Mwamba Unaowaka Hautaki Kamera ya Bei Mbaya

Tangu picha yangu ya House on Fire itundikwe kwenye maonyesho ya maktaba ya mtaani kwetu huku Marekani, simu haitulii. Swali ni lile lile: "Kaka, unatumia kamera gani?" Ya mtumba, na mkanda wake nimeushona kwa uzi wa viatu. Haya, tuendelee.

House on Fire ni maghala ya mawe yaliyojengwa chini ya mwamba, kwenye korongo la Mule Canyon, jimbo la Utah. Waliyajenga Wapueblo wa kale, wakulima wa mahindi walioihama nchi ile mwishoni mwa miaka ya 1200, ukame ulipowabana. Dari ya mwamba ina michirizi mithili ya ndimi za moto, ila ukifika alfajiri utaiona imefifia tu. Nilipishana na wenzangu wakirudi, wakanicheka eti nimechelewa. Subiri jua lipande, kama saa nne hivi asubuhi, lipige sakafu ya mwamba iliyo mbele huku maghala yenyewe yakiwa bado kivulini. Mwanga unadunda kutoka chini, dari inawaka. Jua likishayafikia maghala, imekula kwako. Na usiiachie kamera ijipangie rangi, itauua wekundu wote. Weka mpangilio wa rangi kwenye alama ya jua. Klabu moja ya wapiga picha ilidai rangi zile nimezipika kwenye kompyuta. Sijasahau.

Nasema tena: subiri. Vijana wengi hamtaki kusubiri.

Halafu yupo ndugu aliyeniita mchoyo kwa sababu sikumtumia ramani ya mahali nilipopiga picha yangu nyingine, ya viganja vilivyochapwa ukutani. House on Fire inajulikana, nenda. Ile nyingine sitoi. Pale magunzi ya mahindi bado yamelala vumbini, mengine hayazidi kidole, pamoja na vigae vya vyungu vyenye mistari myeusi. Nimeshaona watu wakikusanya vigae na kuvipanga juu ya jiwe ili picha ipendeze, mwingine kaegemea ukuta wa miaka mia nane anakunywa soda! Sheria ya Marekani ya mwaka 1979 inakataza kuviondoa, lakini acha sheria. Wahopi na Wazuni, makabila ya wenyeji wa asili wa huku, wanasema hizo ni nyumba za wazee wao. Wewe ungekubali mgeni akanyage kaburi la babu yako apate picha?

Kibali cha siku cha kuingia korongoni kinalipiwa. Ofisi ya askari wa hifadhi pale Kane Gulch hufunguliwa asubuhi, majira ya machipuko na ya vuli. Maji beba ya kutosha.