Kano ya goti itoke wapi? Kabla ya kumuuliza daktari, hesabu unapiga magoti mara ngapi kwa siku

Nikikutana na mtu aliyechanika ligamenti ya mbele ya goti (ukanda unaoshikilia mifupa ya goti pamoja), ile ambayo wapenda mpira wanaiita ACL, swali ni lilelile: "Kaka, wewe ulifanyiwa upasuaji wa kano ipi? Ipi ndiyo bora?" Nilifanyiwa ya kano za nyuma ya paja, na sikushauri uige. Mimi niliichagua kwa sababu ya kusujudu.

Ligamenti hii ikishakatika, mara nyingi haishonwi. Daktari anachukua kano sehemu nyingine ya mwili wako, anatoboa tundu kwenye mfupa wa paja na jingine kwenye muundi, anaipitisha humo na kuibana kwa skurubu au kitufe kidogo cha chuma. Hufanyika kwa kamera, upasuaji wa matundu madogo, na kwa Dar es Salaam hata taasisi ya mifupa, MOI, pale Muhimbili wanaufanya. Ubishi uko kwenye kano yenyewe.

Kuna kano ya chini ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti. Inakatwa theluthi ya katikati, upana wa kama milimita 10, pamoja na kipande cha mfupa kila ncha. Mfupa kwa mfupa hushikana mapema, takriban wiki 6, wakati kano tupu huhitaji kama wiki 8 hadi 12 kujishika ndani ya tundu. Ndiyo maana madaktari wengi wanaowatibu wanasoka wa kulipwa wanaipenda. Shida ni kupiga magoti: pale ilipokatwa panauma ukipakandamiza sakafuni, na kwa baadhi ya watu maumivu hayo hayaishi. Mwenzangu wa timu aliyefanyiwa hii ananiacha mbali kwa mbio. Lakini msikitini anatanguliza mikono, anashusha goti zima, kisha lile lingine analiegesha taratibu juu ya upindo wa kanzu alioukunja mara mbili. Sasa fikiria fundi vigae, au mtu anayepalilia bustani kutwa.

Za nyuma ya paja, kama zangu, ni kano mbili zinazokunjwa zikawa nyuzi nne. Goti halisumbui sana chini. Ila unene wake unategemea mwili wako, na kipandikizi, yaani kano iliyopandikizwa, chenye kipenyo chini ya milimita 8 huwa na hatari zaidi ya kukatika, hasa kwa vijana. Kwa hiyo muulize daktari mapema: akishafungua akakuta ni nyembamba, atafanyaje? Akikosa jibu la haraka, mimi ningetafuta maoni ya daktari mwingine. Pia nguvu ya kukunja goti mpaka mwisho hupungua. Nikilala kifudifudi nikavuta kisigino kuelekea makalioni, mguu huu unakwama njiani na mwenzake unafika. Kwangu si tatizo. Kwa mkimbiaji wa mita 100 ni tatizo.

Ya juu ya kilegesambwa ni nene na hailalamiki sana ukipiga magoti, ingawa msuli wa mbele ya paja huchelewa kurudi. Kama daktari wako ameizoea, msikilize. Nasema ameizoea, maana mkono uliozoea mbinu moja ni bora kuliko mbinu mpya inayojaribiwa kwenye goti lako. Kano za marehemu zinazotumika nchi za nje zisikutamanishe: kwa vijana wanaorudi uwanjani hukatika zaidi kuliko za mwili wao wenyewe.

Kama uko chini ya miaka 25 na unacheza mpira, kuna jambo ambalo naliona zito kuliko ubishi huo wote. Utafiti wa Kanada na Ulaya uliotoka 2020 ulifuatilia vijana 618 wa miaka 14 hadi 25, wote wakiwekewa kano za nyuma ya paja. Nusu yao waliongezewa ukanda wa kushikilia upande wa nje wa goti. Baada ya miaka 2, kipandikizi kilikuwa kimekatika kwa asilimia 11 ya wasioongezewa, na asilimia 4 tu ya walioongezewa. Uliza habari za huo ukanda.

Na wapo wasiohitaji kisu kabisa. Uswidi walichukua watu 121 waliochanika ligamenti hii. Wengine walipasuliwa mapema, wengine walianza na mazoezi. Miaka 5 baadaye, karibu nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa hawajapasuliwa. Goti lako likiwa halilegei ghafla unapotembea na huna mpango wa mpira, jaribu mazoezi kwanza, ilimradi daktari amehakikisha meniska, gegedo za ndani ya goti, ni salama.

Ukipasuliwa, jihadhari na mwezi wa pili na wa tatu. Uvimbe umeshuka, magongo umeyatupa, unajiona mzima, kumbe kipandikizi bado kinajijenga upya na ni dhaifu. Utafiti wa Norwei wa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi unaosubiri kurudi michezoni, hadi mwezi wa 9, hupunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Kwa hiyo unapoulizia bei ya upasuaji, ulizia palepale na ya fiziotherapia ya miezi hiyo yote, na kama bima yako inailipia. Bajeti ikiwa haitoshi vyote viwili, ahirisha upasuaji mpaka itoshe, na uanze kuimarisha paja sasa.