Mnaoanza uvuvi mwezi huu wa Mei, ulizeni mwezi kabla ya ndoana

Kila masika yakielekea ukingoni, vijana huja pwani kwetu Wesha, Pemba, wakitaka kuingia baharini. Wengi wametoka skuli juzi tu. Wakishaamkiana na wazee, swali lao la kwanza huwa: ninunue ndoana namba ngapi? Nami huwarudishia swali: leo mwezi ngapi? Nasema mwezi wa mbinguni, si wa kalenda ya ukutani.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo bamvua. Hapo maji hupwa miamba ikabaki wazi, kisha hujaa mpaka kwenye mizizi ya miti ya ufukweni. Kati ya kupwa na kujaa huweza kufika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Yanapanda na kushuka kidogo tu, na mkondo unakuwa mpole. Anayevua kwa mshipi, yaani uzi wenye ndoana, aanzie maji mafu. Siku ya bamvua utatupa mshipi, mkondo utauvuta ukae mshazari, chubwi, kile kizito cha kuuzamisha, lisiguse chini kabisa, nawe utarudi ukisema bahari haina kitu. Samaki wapo. Chambo chako kilikuwa kinapepea juu ya vichwa vyao.

Hata hivyo bamvua nayo ina nafasi yake, pale maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Huku kwetu siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata ongeza kiasi cha dakika 50. Ukilijua hesabu hilo, huhitaji kumsumbua mtu. Na kama una mama au dada anayekwenda pweza, muulize yeye, maana bamvua ndiyo siku zake na saa za maji anazijua barabara.

Sasa mkono. Ngisi wa chambo mkate vipande vyembamba, urefu wa kidole cha mwisho, umchome mara moja tu na mkia uachwe uchezecheze. Mshipi ukishafika chini, uinue kidogo, uupitishe juu ya kidole cha shahada na utulie. Changu hudonoa haraka haraka, mara mbili tatu. Donoo la kwanza liache. Ukivuta hapo unamnyang'anya chambo mdomoni. Chewa si hivyo. Utaona mshipi umekuwa mzito tu kama umenasa mwambani, kisha unaondoka. Huyo vuta papo hapo, kwa sababu akishaingia pangoni mwake hatoki, na mshipi utakatika. Tasi akija, usimshike kwa pupa kama unavyoshika kibua: miba yake ina sumu na maumivu yake hukaa kwa saa kadhaa. Ukichomwa, chovya mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahimili. Bunju mrudishe majini, hata akupendeze vipi, kwa sababu sumu yake inaua.

Kinachonitia wasiwasi zaidi juu yenu ni hali ya hewa ya Mei. Masika hayajakwisha na kusi, upepo wa kutoka kusini, ndiyo inaingia, kwa hiyo asubuhi huweza kuwa shwari kama maji ya mtungini, na kufika adhuhuri wingu limekufunika. Mimi yalinikuta nikiwa kijana. Mwamba wetu tulikuwa tunaupata kwa alama za nchi kavu: mnazi mmoja mrefu ukae sawasawa na paa la bati nyuma yake, na kilima cha upande wa pili kikae sawa na ncha ya mikoko. Siku hiyo mvua ilishuka ghafla, mnazi ukapotea, paa likapotea, Pemba yote ikapotea. Hatukuwa na dira. Mashine ilizimika na mkondo ukaanza kutuchukua kaskazini, maana mkondo wa pwani hii huelekea Kenya mwaka mzima, na kusi huusukuma zaidi. Nanga haikufaa, kwani nje ya miamba yetu bahari huporomoka mamia ya mita na kamba haifiki popote. Kilichotuokoa ni tanga kuukuu ambalo mzee wetu alikataa kuliacha nyumbani, nasi tulikuwa tumelilalamikia kwamba linajaza chombo.

Kwa hiyo, boti iwe na mashine, tanga liwemo. Dira iwemo, na maji ya kunywa.

Wanaotaka dagaa, hilo ni jambo la usiku wa giza na taa, na Mei ni mwezi mgumu: dagaa atapatikana, ila mvua haikupi jua la kumwanika, na aliyelowana hana bei.

Kuhusu Misali, upande wa magharibi wa kisiwa hauvuliwi. Umefungwa tangu hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1998. Msidanganywe na mtu kwamba usiku hakuna anayeona. Wala msikubali kazi ya juya, wavu wa kukokota, hata mkiahidiwa fungu kubwa. Linang'oa matumbawe na kubeba vitoto vya changu visivyotosha hata kitoweo, na hao ndio samaki mnaotaka kuja kuwavua.

Maji mafu yajayo, mwezi nane kwa mwezi wa mbinguni, natoka baada ya sala ya alfajiri. Anayetaka aje na mshipi wake; ngisi ninaye.